Mwaka Niliokwangua Ramani ya Mtongwe

Mwezi uliopita nilipigiwa simu na binti mmoja aitwaye Kadzo, afisa wa ramani serikalini, akanitaka nifike ofisini kwao nikatazame kitu. Nilidhani ni mambo ya pensheni, maana kwa umri wangu serikali haikutafuti kwa jingine. Akasema la, wanaziingiza ramani zote za zamani kwenye kompyuta, moja baada ya moja, na kila ramani wanaiandikia historia yake: nani aliipima, nani aliichora, nani aliibadilisha na kwa ruhusa ya nani. "Kuna moja ya Mtongwe, mzee," akasema. "Chini pembeni pana herufi T.A. Tumeambiwa ni wewe." Nikamwambia ni mimi. Nilikuwa nimekaa kitandani navaa soksi, nikabaki na soksi moja mkononi mpaka mke wangu akaja kuniuliza kama nimepatwa na kiharusi. Miaka hamsini na ushei nimeishi nikijua kwamba ramani ile imo kabatini mahali fulani, na kwa siri nimekuwa nikiwaombea mchwa waifikie kabla ya binadamu. Mchwa wa Mombasa wanakula milango, wanakula mpaka misahafu, lakini ile hawakuigusa.

Watu wa rika langu wakikaa kuandika maisha yao huanzia kwa babu. Mimi wangu nawaacha walale. Mwaka ninaotaka kuusema ni mmoja tu, na kosa ninalotaka kulisema ni moja: kwa mkono huu niliyafuta makaburi matatu na kisima kutoka kwenye ramani ya serikali, na moja ya makaburi hayo nilisaidia kulichimba mwenyewe. Uhuru ulikuwa haujafika, lakini Wazungu walishaanza kuuza viti na mbwa wao. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na kalamu ya wino ambayo sikumruhusu mtu kuishika. Serikali ilikuwa imefungua ofisi ndogo ya ramani huko Likoni, jumba la mabati lenye madirisha makubwa upande mmoja, ili mashamba ya kusini ya kivuko yapimwe upya na kuchorwa upya kabla bendera haijabadilishwa. Wapima walituletea madaftari yao ya porini yenye matope na jasho, nasi wachoraji tukayageuza mistari myembamba juu ya kitambaa chembamba kilichotiwa wanga, ambacho ukikiinua dirishani mwanga hupenya. Nilijiona mtu. Nilitembea na rula mfukoni hata siku ya Idi.

Nilipanga chumba kwa Mzee Bakari na mkewe Bi Mishi. Kilikuwa chumba cha nje, mlango mmoja ukitazama barazani na mwingine ukiingia ukumbini kwao, na huo wa ndani ulizibwa kwa pazia la maua mekundu yaliyopauka. Kitanda cha kamba, meza ya kuchorea niliyoiomba kwa seremala, ndoano ya kutundikia kanzu. Chakula kilikuwa humo humo ndani ya makubaliano. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, jioni wali na mchuzi wa papa, au samaki wa kupaka siku ambayo Mzee Bakari alikuwa na furaha zake. Aliyeniletea sinia ni binti yao, Riziki, mwenye miaka kumi na sita, aliyemaliza darasa la saba na kuwekwa ndani kungojea mume. Hakuwa na maneno mengi na mimi, lakini hamri lililoungua upande mmoja alijua nalipenda, akanitengea. Barazani wazee walibishana kila jioni juu ya Mwambao, kwamba Pwani itabaki na Sultani au itakwenda na Nairobi, na Mzee Bakari alikuwa akiwaacha wachoke kisha anasema, "Nyinyi gawanyeni nchi. Mimi nna kisima." Kisima chenyewe kilikuwa Mtongwe, mwendo wa nusu saa kwa miguu, katika shamba alilorithi kwa babake na kumwandikia mkewe mbele ya kadhi. Minazi, mihogo, mstari wa minyaa kuzunguka, kisima cha mawe, na makaburi mawili ya wazazi wake. Kwa shamba lile ndiyo waliishi, maana hata nyumba ya Likoni ilikuwa yao lakini ardhi iliyo chini yake ilikuwa ya mtu mwingine.

Kazini bwana wangu wa karibu alikuwa Mgoa aitwaye Menezi, mkuu wa wachoraji, mtu mfupi mwenye kisukari aliyekula mkate mkavu saa nne kamili na kutufundisha kwa matusi. Kila alilonifundisha nalijua hadi leo. Aliyeichora ramani huweka herufi za jina lake chini yake. Ramani haitoki kabatini bila jina la aliyeichukua kuandikwa daftarini. Ukikosea wino, chukua wembe, kwangua taratibu, sugua kwa ukucha ili wino mpya usitawanyike, kisha pembeni ya ulipokwangua weka herufi za jina lako na tarehe, ili atakayekuja baadaye ajue palikuwa na nini na nani amekitoa. "Ukikwangua bila kusaini," alikuwa akisema, "wewe si mchoraji, wewe mwizi iko na wembe." Kisha kulikuwa na pembeni. Kila ramani iliachiwa nafasi nyeupe upande wa kulia, na jambo lolote lisilochoreka liliandikwa hapo. Ramani ya kwanza ilibandikwa ukutani siku sitini, na kila mwenye shamba alitakiwa aje aweke kidole chake juu ya shamba lake. Shamba ambalo mwenyewe hakuja, vilivyomo ndani yake visingeingia kwenye ramani ya mwisho, nalo lingehesabiwa halina mwenyewe. Lakini kama mchoraji alijua kwamba mwenyewe yupo ila ana udhuru, aliandika pembeni maneno matatu: mwenyewe ana udhuru. Maneno hayo matatu yalitosha kuisimamisha ramani nzima hata mwaka. Menezi aliwahi kuisimamisha moja miezi minane kwa ajili ya mtu aliyekuwa hospitali.

Mzee Bakari alikufa mwezi ule ule wapima walipofika Mtongwe. Alilalamika tumbo Jumanne, Alhamisi tukamzika. Alikuwa ametaka azikwe shambani karibu na babake, basi tukambeba mpaka huko, nami nilikuwa mmoja wa wanne tulioshika jembe, kwa kuwa kaka wa pekee wa Bi Mishi alikuwa Unguja na wengine ni wazee. Udongo wa Mtongwe chini ni mawe matupu. Nilitokwa na malengelenge mikononi, na siku tatu sikuweza kushika kalamu sawasawa. Niliporudi mezani, jambo la kwanza nililochora kwa wino ilikuwa shamba lile: kiduara cha kisima, mstari wa minyaa, vijumba vitatu vidogo vya makaburi, cha tatu kikiwa bado kibichi duniani. Nilikitilia wino kabla ya ramani kubandikwa, jambo lisilofanywa, kwa sababu nilimpenda yule mzee. Nasema hivyo ili ijulikane kwamba sikuwa mtu asiye na moyo. Nilikuwa nao, na ulijua njia ya kunyamaza.

Bi Mishi akakaa eda. Msomaji wa leo huenda hajui uzito wake kwetu wakati ule: miezi minne na siku kumi mjane hatoki, hajipambi, hasimami mbele ya mwanamume asiye maharimu wake. Mimi mpangaji nikawa sauti tu upande wa pili wa pazia. Wenye busara walisema nihame, yeye akakataa, akasema mlango wa nje unatosha na marehemu alinipenda. Kila jioni baada ya magharibi Riziki aliweka sinia, akasimama na birika la kunawia, na kutoka nyuma ya maua mekundu sauti ilikuja.

"Twaha, mwanangu."

"Labeka, mama."

"Ile ramani ishafika kwangu?"

Mwanzoni nilimjibu kweli. Nikamwambia imebandikwa, kuna siku sitini, lakini asiwe na wasiwasi, mimi nimo ndani. Alishusha pumzi nikaisikia. "Alhamdulillahi," akasema. "Maana mimi na hali hii nitaendaje? Basi mambo yangu yako mikononi mwako." Nami nikala papa wangu kwa furaha ya mtu mwenye mikono yenye mambo ya watu.

Wiki moja baadaye bwana mkubwa aliniita chumbani kwake. Huyu alikuwa Mwingereza, mrefu, mpole, hakupata kupaza sauti hata siku moja, na simtaji jina kwa kuwa majina ya kina yeye yalikuwa yamejaa mji na yote sasa ni mamoja. Jumamosi alikuwa akinywa pamoja na mwenye shamba kubwa lililopakana na la Mzee Bakari. Alikuwa na nakala ya ramani yangu mezani. Akaweka kidole, si juu ya makaburi, kando yake. "Twaha," akasema kwa Kiswahili chake cha vitabuni, "mkono wako ni mzuri. Lakini upande huu una vitu vingi mno. Ramani nzuri ni safi." Nikasema ndiyo bwana. Akatazama dirishani. "Menezi ataondoka karibuni kwenda kwao. Kiti chake kitahitaji Mwafrika, ndiyo hali ya dunia sasa. Natafuta mtu anayejua ramani safi ni ipi." Hayo tu. Hakuniambia futa. Mpaka leo sina neno lake hata moja ninaloweza kumshtakia, na nadhani alilipanga hivyo. Nilitoka nikaenda kukitazama kiti cha Menezi. Kilikuwa cha mbao, kinazunguka, kimepasuka mkono mmoja na kufungwa kwa uzi.

Kuanzia hapo nilianza kumjibu Bi Mishi "bado". Ishafika? Bado, mama. Siku zilikwenda. Kila asubuhi nilipita mbele ya ukuta ule na kutazama nafasi nyeupe upande wa kulia, na kalamu yangu ilikuwa mfukoni. Nilijidanganya kwa namna nyingi. Nilisema huenda kaka yake atarudi kutoka Unguja. Nilisema kama Mungu ameandika shamba libaki kwao litabaki hata nisipoandika mimi. Mtu akitaka kutenda uovu, dini humpa maneno mazuri kuliko shetani. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshakikalia kile kiti. Nilikuwa nimeshaamua uzi ule nitautoa na mkono nitaupigilia msumari.

Siku ya hamsini na tatu Riziki akaja ofisini. Alikuwa na buibui na kopo la biskuti alilolikumbatia kifuani, na viatu vya mamake vilivyompwaya. Kwenye kaunta alikuwapo Justo, karani kutoka bara, kijana mwema, mgeni wa mambo yetu. Akanipigia kelele, "Twaha, njoo umsikilize dada huyu, mimi simwelewi vizuri." Mlango wa bwana mkubwa ulikuwa wazi. Niliona kiatu chake chini ya meza, kimetulia.

"Shikamoo," Riziki akaniambia. Nyumbani hakuniamkia hivyo. Alidhani ndiyo adabu ya ofisi, akaona anisaidie.

"Marahaba," nikasema. "Unaitwa nani?"

Akanitazama. "Riziki."

"Riziki wa nani?"

"Riziki binti Bakari."

"Umetoka wapi?"

Asubuhi ile ile alikuwa amenipa mahamri manne, la nne limeungua upande mmoja. Bado nilikuwa na chembe za iliki menoni. Alingoja kidogo, akinipa nafasi, kisha akajibu, "Natoka hapa hapa Likoni."

"Wataka nini?"

"Nimeleta hati ya shamba la Mtongwe, ya kwa kadhi. Mamangu kanituma. Asema siku zaenda na yeye hajaona mtu."

"Mwenye shamba aje mwenyewe."

"Mamangu yu edani."

Justo akainua kichwa. "Eda ndiyo kitu gani?" akaniuliza, na aliuliza kwa nia njema, tayari kuandika. Lingekuwa jibu dogo sana. Ningesema mjane wa Kiislamu hatoki nyumbani miezi minne na siku kumi, na Justo, ambaye hakujua bwana mkubwa alinywa na nani, angeliandika pembeni kwa mkono wake, na mpaka leo lingekuwa limeandikwa.

"Ni desturi za kina mama wa huku," nikasema. "Ofisi haina eda." Nikacheka. Justo akacheka pia, kwa sababu mimi ndiye niliyeanza. Riziki hakulia. Alibonyeza kifuniko cha kopo kwa kiganja, kikakataa kuingia, akakibonyeza tena mpaka kikaingia. "Basi nimwambieje?" akauliza. Nikamwambia amwambie aje mwenyewe kabla siku sitini hazijaisha. Akasema ahsante. Wallahi alisema ahsante, na akaondoka akiburuta viatu vile.

Nilichelewa kurudi siku hiyo, nikazunguka sokoni hata nikaona aibu kuzunguka. Sinia lilikuwa limeshawekwa: wali wa nazi, papa, pilipili ya kusaga, na embe bichi. Riziki alikuwa amesimama na birika. Nikanyoosha mikono, nikingoja pazia lipasuke.

"Twaha, mwanangu."

"Labeka, mama."

"Leo nilimtuma Riziki kwenu. Asema kakuta pamefungwa. Kwani mulikuwa wapi?"

Nikamtazama Riziki. Naye alinitazama, usoni, kwa mara ya kwanza tangu nihamie, na nikaelewa kwamba alikuwa amesema uongo ili mimi niseme kweli. Alikuwa na miaka kumi na sita na ameniachia mlango wazi.

"Tulikuwa porini, mama," nikasema. "Tukipima."

"Haya. Basi si wewe uko? Nisimsumbue tena mtoto."

"Usimsumbue, mama."

Riziki akaendelea kunimiminia maji mikononi mpaka birika likaisha, kisha akalibeba akaingia ndani. Nikala. Watu hudhani mwenye dhambi chakula humkwama kooni. Mimi nilikula nikamaliza, na papa alikuwa mtamu.

Siku ya sitini na moja ilikuwa Jumanne. Nilifika mapema, nikaandika jina langu daftarini kwa mwandiko mzuri, nikatoa kitambaa kabatini. Wembe mpya. Kisima kilitoka upesi, duara dogo halina ugumu. Mstari wa minyaa nilikaa nao saa nzima. Makaburi niliyaacha mwisho, la baba, la mama, kisha la Mzee Bakari, na hilo la tatu wino ulikuwa umeshika sana kwa sababu wakati nalichora mkono uliniuma na nilikandamiza. Nilipuliza vumbi la wino likaniangukia mapajani. Nikasugua kwa ukucha. Kisha nikapaangalia pale pembeni panapostahili herufi zangu na tarehe, na nikaweka kalamu chini.

Menezi alikiinua kitambaa dirishani saa nne, mkate mkononi. Kitambaa kilichokwanguliwa hakisahau. Ukikipitishia mwanga, palipokuwa na wino huonekana pembamba zaidi, na umbo lile lile hurudi. Alitazama muda mrefu. "Hapa iko kaburi," akasema. "Hapa hapana saini." Aliyekuwa akitutukana kwa ajili ya nukta moja ya wino alitafuna mkate wake akaumeza. "Mimi nakwenda mwezi ujao," akasema. "Mimi sikuona." Akakirudisha mezani kwangu taratibu, kwa vidole viwili, na tangu siku hiyo hakunitukana tena. Nilitamani anitukane.

Bi Mishi alimaliza eda baada ya mwezi mmoja na zaidi. Akaoga, akavaa, na neno lake la kwanza lilikuwa kaburi la mumewe. Jumapili asubuhi akasimama ukumbini, nikamsikia akiniita kwa sauti ya furaha. "Tufuatane, mwanangu. Wewe ndiwe wajua mipaka." Nikasema kichwa chaniuma. Akamtuma Riziki aniletee tangawizi. Wakaenda wawili, yeye na Riziki, na mimi nikalala chali nikihesabu boriti. Waliporudi adhuhuri hapakuwa na kilio. Jirani aliingia, na kwa ukuta ule wa udongo nilisikia yote. Pamezungushwa waya, pameunganishwa na lile shamba kubwa la pembeni. Kuna askari, ana rungu na karatasi. Bi Mishi alimwomba angalau aingie asome Fatiha, askari akamwambia, "Hapa hakuna kaburi, mama, tazama mwenyewe," akamfunulia karatasi. Vibao vya kichwani na miguuni vilikuwa vimeng'olewa. Alisimama nje ya waya akasoma Yasini yote kuelekea mahali alipokisia. Kisha jirani akauliza, na hiyo karatasi kaichora nani? Na Riziki, aliyesoma mpaka darasa la saba, akasema, "Chini yake pameandikwa T.A."

Alasiri Bi Mishi akaja mlango wa nje. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona uso tangu msiba. Alikuwa amepungua, na macho yake yalikuwa makavu. "Twaha," akasema, "nataka chumba changu." Hakusema mwanangu. Nilifungasha, na nilipotoka nikakuta juu ya baraza kifurushi cha mahamri, maana kwao mtu hatolewi nyumbani na njaa. Nilikwenda kukaa Kisauni. Nasema kweli yote: njiani nilijisikia nimepumua, na jioni niliyala yale mahamri. Kiti nilikipata kabla ya uhuru. Nikakikalia miaka thelathini, na nilijulikana kwa ukali. Kijana mmoja, hodari kuliko wote niliowafundisha, nilimfukuza kazi kwa kukwangua nusu inchi ya barabara bila kusaini. Alilia, ana mke mja mzito. Nikamwambia yeye ni mwizi mwenye wembe.

Basi nikaenda kwa Kadzo. Ofisi ina baridi ya mashine, binti mwenyewe ni mdogo kama mjukuu wangu, ana adabu. Kitambaa changu kilikuwa kimelazwa juu ya kioo chenye taa chini yake, na vile vijumba vitatu vilikuwa vinawaka. Kwenye kiti cha ukutani ameketi mama mmoja mwenye buibui na miwani, na mapajani ana kopo la biskuti lililoota kutu. Kadzo akanieleza. Shamba halirudi, limeshasajiliwa na kuuzwa mara kadhaa, sasa ni yadi ya makontena. Lakini yadi inataka kuchimba msingi mpya, na kabla hawajachimba, serikali inatakiwa iwaambie palipo na makaburi. Ramani ya zamani haiguswi. Huambatanishwa maelezo tu, yenye hati na mashahidi wawili, na shahidi lazima atambuliwe na jamaa za marehemu. Hati ya kadhi ipo. Shahidi mmoja, mwanamke aliyekua pamoja na mama huyu, atakuja kesho. "Na wa pili nimekuandika wewe, mzee," Kadzo akasema, "kama kweli ulikaa kwao mwaka ule, wanavyosema wastaafu wenzako."

Nikasema nilikaa. Nikasema nilishika jembe. Kisha nikasema lile nililokuja kulisema, kwamba mimi ndiye niliyekwangua, na aibu iliyochelewa miaka hamsini ikanitoka kwa machozi mbele ya mtoto wa watu. Kadzo aliacha kuandika. Akamgeukia yule mama. "Bi Riziki, unamtambua mzee huyu?"

Riziki akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya buibui, akaivaa. Alinitazama kama alivyonitazama siku ya birika.

"Unaitwa nani, baba?"

"Twaha."

"Twaha wa nani?"

"Twaha bin Ali. Riziki, wewe wanijua."

"Umetoka wapi?"

Nikalitazama lile kopo mapajani mwake. Alingoja, kisha akamwambia Kadzo kwa upole kabisa, "Huyu simjui, mwanangu. Uzee huu, mtu husikia kisa cha mwenziwe akakifanya chake. Mtoe. Shahidi wa pili nitakuletea, yuko jirani yetu mmoja hai Mtongwe."

"Lakini herufi zake ziko kwenye ramani, mama," Kadzo akasema.

"Ziko huko chini. Hapo palipokwanguliwa, pana herufi?"

Kadzo akainama juu ya kioo, ingawa alishajua. "Hapana."

"Basi."

Kadzo alinitazama kwa huruma, akavuta fomu. Hakufuta kwa rangi nyeupe wala hakuichana. Alipiga mstari mmoja juu ya jina langu, mwembamba, ili lililokuwapo liendelee kusomeka, na kando yake akaandika herufi zake na tarehe ya siku hiyo.